Ndege Akipona: Maoni Yako Yanasomwa, Si Kura ya Kuhesabiwa

Serikali ya Marekani ikitangaza pendekezo la kumwondoa ndege kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka, sisi tunaosoma maoni ya wananchi huwa tunajua kitakachofuata. Barua humiminika. Nyingi huwa na sentensi moja tu: "Msimwondoe." Nyingine husema, "Mwondoeni, amekwisha pona." Watu huandika kwa kuwa wanawapenda ndege hawa, na moyo huo tunauthamini sana. Hata hivyo, barua elfu kumi zilizonakiliwa kutoka sehemu moja hazina uzito zaidi kuliko ile ya kwanza.

Sababu imo kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya 1973 inaagiza uamuzi utokane na data bora zaidi iliyopo, na si kitu kingine. Mambo yanayopimwa ni matano: uharibifu wa makazi ya ndege, kuvunwa kupita kiasi, magonjwa na wanyama wawindaji, udhaifu wa sheria nyingine zilizopo, na jambo lolote jingine, la asili au la kibinadamu, linaloweza kumwangamiza. Wingi wa sahihi haumo. Maoni yasiyogusa hata jambo moja kati ya hayo hupokelewa na kuwekwa kwenye jalada, ila hayana namna ya kubadilisha uamuzi.

Maoni yenye nguvu ni yale ya mtu aliyeona. Chukua korongo wa vinamasi vya kusini-mashariki mwa Marekani, aliyeorodheshwa mwaka 1984, akashushwa daraja mwaka 2014 (kutoka kundi la walio hatarini kutoweka hadi lile la tishio dogo zaidi), kisha mwaka 2023 likaja pendekezo la kumwondoa kabisa. Ndege huyu hawindi kwa macho. Huzamisha mdomo majini ukiwa wazi kidogo na kutembea polepole. Samaki akiugusa, mdomo hufumba kwa muda wa sehemu 25 tu kati ya elfu moja za sekunde. Kwa hiyo humfaa dimbwi linalokauka taratibu, samaki wakibanana mahali padogo. Mvua kubwa ikinyesha wakati usiofaa, samaki hutawanyika na wazazi huweza kuyatelekeza makinda. Sasa fikiria jirani wa bwawa anayeandika: koloni hii, yaani kundi la viota vya korongo, ilikuwa na viota vingapi mwezi wa tatu, vingapi vilibaki mwezi wa tano, maji yalikuwa na kina gani, na ni mwaka gani mfereji ulichimbwa. Barua hiyo ina nusu ukurasa, na mtaalamu ataisoma mara tatu.

Utaratibu nao una masharti yake. Pendekezo huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali ya Shirikisho, na kuanzia siku hiyo muda wa maoni huwa siku 60 au zaidi. Anayetaka mkutano wa hadhara aombe kwa maandishi ndani ya siku 45 za mwanzo. Akiomba siku ya 46 amechelewa, hata kama dirisha la maoni bado liko wazi. Maoni ya mtandaoni yafike kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho, kwa saa za mashariki mwa Marekani, na yabebe nambari ya jalada iliyotajwa kwenye tangazo. Maoni yote huwekwa hadharani kama yalivyo. Ukiandika nambari ya simu au anwani ya nyumbani, itaonekana, basi fikiri kabla ya kutuma. Wataalamu huru nao huombwa kulipitia pendekezo. Uamuzi wa mwisho hutakiwa ndani ya mwaka mmoja, na wataalamu wakitofautiana sana kuhusu data, unaweza kuongezwa muda usiozidi miezi sita. Kisheria ndivyo, kwa vitendo mambo huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Tai mwenye kichwa cheupe alipendekezwa mwaka 1999 na akaondolewa mwaka 2007.

Huyo tai ndiye chanzo cha dhana potofu tunayokutana nayo kila wiki, kwamba ndege akitoka orodhani basi ni ruhusa kumpiga risasi. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Tai analindwa na sheria yake ya mwaka 1940. Kuokota hata unyoya wake mmoja na kuuweka nyumbani bila kibali ni kosa, na kwa kosa la kwanza la jinai kifungo ni hadi mwaka mmoja. Korongo yumo kwenye Sheria ya Ndege Wahamao ya 1918, ambayo kosa lake la kawaida lina faini ya hadi dola 15,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Orodha ni ngao moja kati ya kadhaa. Tunaomba sana jambo hili lieleweke.

Wapo pia wanaodhani kupona ni kumalizana na ndege. Kuna ndege mdogo wa Michigan, mwenye kifua cha manjano, aitwaye ndege wa Kirtland. Mwaka 1974, na tena mwaka 1987, madume walioimba na kuhesabiwa walikuwa 167 tu. Hujenga kiota chini, kwenye kivuli cha matawi ya chini ya misonobari michanga. Mti ukipita miaka 20 hivi, matawi hayo hufa na ndege huhama. Zamani moto ndio uliofungua koni zenye mbegu za misonobari na kuotesha msitu mpya. Leo watu hukata na kupanda upya kila mwaka. Aliondolewa orodhani mwezi Oktoba 2019, lakini upandaji ukisimama, atarudi alikotoka. Wananchi walioandika kuuliza nani atalipia miche, na kwa makubaliano gani, waligusa swali zito kuliko yote yaliyomo kwenye jalada.

Baada ya kuondolewa, sheria inataka ufuatiliaji wa miaka isiyopungua mitano. Kwa tai ulipangwa wa miaka 20, viota vikihesabiwa kila baada ya miaka mitano. Idadi ikianza kuporomoka, ndege anaweza kurudishwa orodhani, hata kwa dharura. Kwa hiyo daftari lako la viota usilifunge siku dirisha la maoni linapofungwa. Andika tarehe, mahali na idadi, na useme uliona mwenyewe au uliambiwa.