Bakteria wa Baharini Hawafugwi Kama Samaki

Kila ninapoeleza kwamba tunaotesha bakteria baharini kwa ajili ya dawa, huulizwa ni lini tutatandaza vizimba vikubwa kama vya samaki. Hatutatandaza. Kinachoshushwa majini ni chemba ndogo yenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) na mashapo ya baharini yaliyozimuliwa yenye bakteria, iliyofunikwa pande zote mbili kwa utando wenye matundu ya mikromita 0.03. Bakteria hawapenyi humo, ilhali chumvi, virutubisho na kemikali za majirani hupita bila kizuizi. Hapo ndipo ndoto ya shamba inapokwama, kwa kuwa tundu linaloingiza chakula ndilo linalotoa dawa: molekuli ndogo tunayoihitaji huvuja na kuzimuliwa na bahari nzima. Atakayeichuja humo ajitokeze.

Njia hii, iliyochapishwa mwaka 2002 na kundi la watafiti Kim Lewis na Slava Epstein, ililenga kuwapata bakteria wasioota kwenye sahani ya petri, ambao ndio wengi. Kwa baadhi yao sababu inajulikana: hawatengenezi siderofori, yaani molekuli za kunasa madini ya chuma, bali hutegemea za jirani, na akiondolewa jirani hudumaa. Wengine, wakihamishwa kutoka chemba moja hadi nyingine, hatimaye huota hata kwenye agari ya kawaida, na maelezo tunayoyatoa kuhusu badiliko hilo hayaturidhishi hata sisi wenyewe.

Uzalishaji wa dawa hufanyika kwenye tangi, nako kuna adha zake. Bakteria Salinispora tropica, aliyepatikana kwenye mashapo ya bahari ya Bahamas, hutengeneza salinosporamidi A, kemikali iliyofikia majaribio ya saratani kwa wagonjwa. Lakini anahitaji chumvi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi hutoboa chuma cha pua cha tangi. Hata hivyo tangi huinusuru bahari. Trabektedini, dawa ya saratani, ilihitaji takribani tani nzima ya wanyama wa baharini kwa gramu moja, hadi wanakemia walipoanza kuiunda kutokana na sianosafrasini B, kemikali inayozalishwa na bakteria Pseudomonas fluorescens.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba bakteria aliyezoea tangi mara nyingi huacha kutumia jeni za kutengenezea kemikali tunayoitafuta, labda kwa sababu hana tena wa kushindana naye, na wakati mwingine hulazimu kumwotesha pamoja na bakteria wale wale tuliohangaika kumtenga nao.