Nyumba ya usasa si lazima iwe mpya

Siku hizi kila nyumba iliyopakwa rangi ya kijivu na kutiwa madirisha ya alumini inaitwa nyumba ya usasa. Madalali wanaliandika neno hilo, mafundi wanalirudia, na nimeshaliona limebandikwa hata kwenye jumba lenye nguzo za Kirumi mlangoni. Nguzo za Kirumi! Hebu tuelewane kidogo.

Usasa katika ujenzi ni jina la mtindo. Ulichipuka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 na kushika kasi miaka ya 1920: zege, chuma na kioo vitumike waziwazi, mapambo ya kuigiza zama za kale yaachwe, na mpango wa nyumba ufuate matumizi yake. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Nyumba ya kisasa ni ya sasa, na kesho itakuwa ya zamani. Nyumba ya usasa inaweza kuwa na umri wa babu yako.

Chukua nyumba namba 1 hadi 3 za Willow Road, mtaa wa Hampstead, London. Zilikamilika mwaka 1939. Mwenye kuzichora, Ernő Goldfinger, alizaliwa Budapest mwaka 1902 na kusomea usanifu Paris, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Auguste Perret, bingwa wa zege. Ukiwa barabarani utadhani ni jengo moja pana. Kumbe ni nyumba tatu zilizopangwa safu na kushirikiana kuta za pembeni, kama zilivyo safu za matofali za karne ya 18 zilizojaa London. Ile ya katikati, namba 2, ndiyo kubwa, na Goldfinger aliishi humo na familia yake.

Kwa mbele ni matofali, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: "Mbona ni matofali, usasa uko wapi?" Tazama dirisha la ghorofa ya kwanza. Limenyooka karibu upana wote wa nyumba. Ukuta wa matofali unaobeba mzigo huwezi kuupasua hivyo halafu ukajenga ghorofa nyingine juu yake. Mzigo umebebwa na fremu ya zege, na chini nguzo zake nyembamba za mviringo zimeachwa wazi kila mpita njia azione. Matofali ni nguo tu, na dirisha linakuambia hivyo bila kuulizwa. Ndani, kwa kuwa kuta za vyumba hazibebi kitu, baadhi yake ni za kukunja: unazifungua, vyumba vinakuwa ukumbi mmoja. Ngazi ni za kuzunguka, zimewekwa katikati ya nyumba ili zisile nafasi.

Wenyeji walikuja juu, maana vibanda vya zamani vilibomolewa kuzipisha. Miongoni mwa wapinzani alikuwamo Henry Brooke, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza. Kwa waliolalamikia umbo la kiboksi, Goldfinger alijibu kwamba ni Waeskimo na Wazulu tu wasiojenga nyumba za pembe nne. Misonge mingine yote ya Afrika hakuijua au hakuijali. Ila hoja yake nyingine ina uzito: zile safu za kale nazo zilikuwa za matofali, zimenyooka, hazina makeke. Aliona anaendeleza desturi ya mtaa.

Sasa linganisha na nyumba zetu za kuficha bati. Fundi anapiga kenchi, anaezeka bati la mteremko kama kawaida, kisha anapandisha ukuta kuzunguka paa lisionekane. Ukiwa getini unaona boksi safi la paa bapa. Panda ngazi uchungulie: bati lile lile, na mfereji wa maji uliojificha nyuma ya ukuta ukisubiri masika. Sisemi ni mbaya, nyingine zinapendeza sana. Lakini umbo lake linaficha jinsi lilivyojengwa, na hicho ndicho wanausasa walichokikataa. Ukitaka usasa Dar es Salaam, nenda Soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli, la miaka ya 1970. Miavuli ya zege inayoonekana juu ndiyo paa lenyewe, na ndiyo inayokusanya maji ya mvua.

Kwa hiyo ndugu dalali, nyumba iliyokamilika mwezi jana iite mpya, au iite ya kuficha bati. Mnunuzi atakuelewa vizuri zaidi. Na wewe unayedai kwamba nyumba ya 1939 imeshatoka kwenye usasa kwa uzee, taratibu: namba 2 Willow Road leo inatunzwa kama urithi na shirika la National Trust, na bado ni ya usasa vilevile.