Kura Nyingi Marekani Si Lazima Zimpe Mtu Urais

Wengi huamini kwamba mgombea mwenye kura nyingi nchi nzima ndiye anayekuwa rais wa Marekani. Inaeleweka, maana Tanzania na Kenya kura za urais hujumlishwa za nchi nzima. Marekani kinachoamua ni wajumbe wa uchaguzi 538, yaani watu wanaompigia rais kura kwa niaba ya wananchi, waliogawanywa kwa majimbo na mji mkuu. Mshindi anahitaji 270. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska. Mwaka 2000, tofauti ya kura 537 tu huko Florida ilibeba wajumbe wote 25, na urais ukaenda kwa aliyezidiwa kura nchi nzima. Ikatokea tena 2016. Ukitaka kuhakiki, fungua matokeo rasmi ya miaka hiyo, ulinganishe safu ya kura na safu ya wajumbe.