Weber hakusema urasimu ni "mfumo bora"

Nasahihisha mitihani. Karatasi ya tisa mfululizo inaanza hivi: "Max Weber, baba wa urasimu, alisema urasimu ndio mfumo bora wa kuendesha taasisi." Siwalaumu sana vijana. Mwezi uliopita niliikuta sentensi hiyohiyo kwenye slaidi za mtoa mada wa semina moja, mtu mzima na tai yake, na ukumbi mzima ukanakili.

"Baba" tulimalize upesi. Makarani wa China walikuwa wakifanyiwa mitihani ya kuingia serikalini karne nyingi kabla Weber, mwanasosholojia huyo Mjerumani, hajazaliwa, naye mwenyewe kaandika juu yao. Neno lenyewe walilitunga Wafaransa karne ya 18, na tangu siku ya kwanza lilikuwa kejeli.

Kinachonipandisha presha ni hilo "bora". Weber aliuchora urasimu kama kielelezo cha kimawazo, kwa Kijerumani "Idealtypus", na mwaka 1904 alieleza anakitengenezaje: unachukua upande mmoja wa jambo, unaukuza makusudi, mpaka unapata picha ambayo huikuti popote duniani ikiwa kamili. Ni kazi ya mchora katuni. Akimkuza waziri masikio, hasemi masikio makubwa ndiyo mazuri; anataka umtambue. Kisha unaiweka picha hiyo kando ya ofisi halisi, uone zinaachana wapi. Mfasiri akiliona hilo "Ideal" la Kijerumani akalisoma kama "bora", kwisha habari.

Na huyo anayeitwa mpiga debe wa urasimu alisimama mkutanoni Vienna mwaka 1909 akaonya juu ya dunia iliyojaa watu wanaong'ang'ania vyeo vidogo na kutafuta vikubwa kidogo.

Sasa nikiri, maana kuna mtu atanirukia. Weber huyohuyo aliandika kwamba, kiufundi, urasimu uliokamilika unazishinda aina nyingine za utawala kama mashine inavyoishinda kazi ya mkono: usahihi, kasi, kumbukumbu. Mimi naisoma kama kulinganisha na watawala wa kurithi na mabwana wakubwa waliofanya kazi za umma kwa kujitolea. Wapo wanaoisoma vingine, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Alifariki 1920 kitabu chake, Uchumi na Jamii, hakijaisha. Mkewe Marianne ndiye aliyekikusanya.

Wamarekani wengi walimpata kwa tafsiri za Kiingereza za 1946 na 1947. Waandishi wa vitabu vya kiada wakamweka benchi moja na Taylor, mhandisi Mmarekani aliyetoa kitabu 1911, na Fayol, meneja Mfaransa aliyetoa chake 1916, wakaiita "shule ya kale" ya elimu ya uongozi, kana kwamba watatu hao walikunywa chai pamoja. Taylor alitaka koleo lishikwe vizuri. Weber alikuwa akiuliza kwa nini watu wanatii.

Kiswahili nacho kimetuongezea kazi. "Urasimu" ni ndugu wa "rasmi" na "rasimu", lakini mtaani maana yake ni "njoo kesho". Mwanafunzi anasikia kwamba Mjerumani mmoja kasifu njoo kesho! Lakini mtazame karani wa masijala anayejua kazi: barua imeingia, kaigonga mhuri, kaiandika daftarini, kaipa namba ya folio, kaiweka kwenye faili. Akienda likizo, mwenzake anaendelea palepale. Huyo ndiye Weber. Anayekuambia faili halionekani mpaka umpe "ya soda" ameigeuza ofisi kuwa mali yake, na ofisi kuwa mali ya mshika cheo ndicho hasa kielelezo cha Weber kinachokataa.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Parsons, mwanasosholojia Mmarekani aliyeshiriki kuitafsiri ile ya 1947, aliona kwamba Weber kachanganya mamlaka ya cheo na mamlaka ya ujuzi. Gouldner, mwanasosholojia mwingine Mmarekani, mwaka 1954 akaandika juu ya kiwanda cha jasi chenye mgodi wake, ambako kanuni ya kutovuta sigara ilibandikwa ukutani na hakuna aliyeifuata, bosi wala kibarua. Kanuni ya namna hiyo naiweka wapi kwenye kielelezo? Miaka yote nafundisha, na kila mwaka najibu tofauti kidogo.

Karatasi ya kumi. "Weber, baba wa..." Ngoja nikachemshe chai.