Simone Simons anapita wapi katikati ya magitaa?

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa korali ya parokia aliingia studio kwangu hapa Katuba, akavua visikilizio vyake na kunivika mimi. "Yaya, minataka sauti yangu isikilike sawa ya huyu." Huyo alikuwa Simone Simons, mwimbaji wa Epica, bendi ya metali ya simfonia (magitaa makali pamoja na korali na okestra) kutoka Uholanzi, na nilichokuwa nikisikia ni wimbo wa kwanza wa The Solace System.

Siku ile nilimjibu tu kwamba itawezekana. Jibu refu ni hili, na si lake peke yake. Waimbaji na wapiga vyombo wengi hapa Lubumbashi huniletea ombi kama hilo wakiamini kuna kitufe fulani Ulaya ambacho sisi hatujakinunua.

The Solace System ilitoka tarehe 1 Septemba 2017. Kwetu Kongo tungeiita maksi-singo: nyimbo sita, karibu nusu saa. Ni nyimbo zilizobaki walipotengeneza albamu yao ya 2016, The Holographic Principle. Ukisema "zilizobaki" watu wanawaza bukari (ugali) ya jana, lakini mimi naipenda kuliko albamu yenyewe. Albamu inapita saa moja, na wimbo wake wa mwisho pekee unavuka dakika 11. Nikifika huko sikio langu limeshachoka, nasikia ukuta tu. Hizi sita zinaisha nikiwa bado nasikia kila tofali.

Na ukuta upo kweli. Gitaa likipigwa safi lina umbo: linagonga, linafifia, linaacha nafasi. Ukilikwaruza kwa umeme mpaka lingurume, halififii tena, na kila noti inazaa noti nyingine ndogondogo juu yake mpaka linajaa kuanzia chini hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) elfu kadhaa. Humo humo ndimo inamokaa sauti ya mwanamke, na humo ndimo yanamokaa maneno. Konsonanti zinazotofautisha "tata" na "kaka" ziko juu, kuanzia kama hezi 2,000. Gitaa likikaa hapo, utasikia mtu anaimba ila hutajua anasema nini.

Kisha ngoma ya mguu. Wimbo ukienda mapigo 180 kwa dakika na mpigaji akijaza mapigo manne ndani ya kila pigo, miguu yake miwili inagonga mara 12 kwa sekunde. Mlio wa chini wa pigo moja haujaisha, la pili limeshafika. Kwa hiyo mafundi wa metali hukata mkia wa ngoma na kubakiza ule mlio mkavu wa juu, na mlio huo nao unakwenda kukaa mlangoni pa maneno.

Wengi wetu hapo tunapandisha sauti ya mwimbaji. Nilifanya hivyo mwenyewe na korali, Pasaka moja: nyuzi za kinanda (zile sauti zake za fidla) zilifunika sauti ya kwanza, nikapandisha soprano, mpiga kinanda akadai naye apandishwe, tukaishia na kitu kinachopiga kelele bila kusikika. Ilibidi turekodi upya, na mama wa korali walininunia hadi Pentekoste.

Sikiliza Epica wanavyofanya. Magitaa yanasukumwa pembeni, moja kushoto, moja kulia, na katikati panabaki Simone, besi na ngoma. Simone ni mezzo-soprano, yaani sauti ya kike ya kati, sauti yake ina nyama chini, kwa hiyo si lazima akimbilie juu ili asikike. Korali ikiingia kwenye kiitikio inachukua silabi kubwa za pamoja, naye mara nyingine anashika noti ndefu au ananyamaza. Mark Jansen, mpiga gitaa wao, akinguruma kwa sauti yake, kwa kawaida hupokea zamu. Ni adabu ya kikao: wawili hawasemi kwa mpigo mmoja, na wakisema pamoja, wanasema neno lilelile. Zamu kama hizi ni kazi ya kupanga wimbo, kabla fundi hajagusa mashine.

Kama huamini, nenda Immortal Melancholy, wimbo wa tano. Gitaa lisilo la umeme linambeba Simone, ukuta haupo. Utagundua kwamba pale penye kelele hakuwa anapiga kelele. Anavuta pumzi vilevile.

Wazee wengine wananiambia korali na ngoma kali haviendi pamoja. Nawakumbusha Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa na korali ya Kamina, hapa hapa Katanga, miaka ya 1950. Ngoma zipo na kila neno linasikika, kwa sababu ngoma ya ngozi inagonga na kuondoka. Gitaa la metali haliondoki. Lazima uliondoe wewe.

Basi Jumamosi tulijaribu. Mpiga gitaa wetu, leka (mdogo) wangu, nilimwomba aache kupiga kila mara binti anapoanza mstari, arudi kwenye silabi ya mwisho. Alikataa kidogo, gitaa ni lake na alilinunua kwa dola zake. Nyuzi za kinanda nikazishusha okteva moja. Korali ya watu tisa niliirekodi mara tatu, kila mara wamebadilishana nafasi mbele ya mikrofoni, ili isikike kama ishirini na saba. Binti aliimba akiwa amesimama mita moja kutoka kwenye mikrofoni, bila kusukuma. Mstari wa pili ulikuwa umekaa vizuri kabisa umeme ulipokatika.