Magari kupungua hakujaifanya Barabara ya Kifo kuwa salama

Wengi huamini kuwa tangu barabara mpya ya lami ilipofunguliwa mwaka 2006, ile ya zamani ya Yungas Kaskazini nchini Bolivia, maarufu kama Barabara ya Kifo, haina tena hatari kwa baiskeli, kwa kuwa malori na mabasi yamehamia kwingine. Magari yamepungua kweli. Korongo lililo kando ya barabara liko palepale.

Kutoka La Cumbre, kipito cha mlimani kilicho takriban mita 4,650 juu ya usawa wa bahari, mwendesha baiskeli hushuka zaidi ya mita 3,000 kuelekea mji wa Coroico. Baada ya kipande cha lami huja changarawe, na njia hubana mno. Tena huko vyombo huendeshwa upande wa kushoto, kinyume na Bolivia kwingine, ili dereva anayeshuka aone vizuri gurudumu lake la ukingoni. Kwa hiyo wewe unayeshuka ndiye unayekaa upande wa korongo!

Adui mkubwa sasa ni mwendo wako mwenyewe. Breki ikibanwa mfululizo hupata joto na kupungua nguvu. Heri upunguze mwendo kabla ya kona, kisha uachie. Ukibana ya mbele ghafla ndani ya kona, gurudumu huteleza. Na vidole huchoka mapema.