Glutamati na glutamini katika ubongo

Glutamati ni asidi amino ambayo seli za neva huitumia kuamshana, na sehemu kubwa ya ishara za kuchochea ndani ya ubongo hupitishwa nayo. Glutamini inakaribia kufanana nayo, ila ina kikundi cha amidi mahali ambapo glutamati ina kikundi cha asidi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu glutamini haiamshi vipokezi vya glutamati, na hivyo hupita kati ya seli bila kuzusha ishara yoyote.

Ishara ya umeme inapofika kwenye ncha ya seli ya neva, vifuko vidogo humwaga glutamati katika mwanya wa sinapsi, yaani mahali seli mbili za neva zinapokutana, nayo hupokewa ng'ambo na vipokezi vya aina kadhaa. Vile vya AMPA hufanya kazi upesi kwa kuingiza sodiamu. Vya NMDA vina utaratibu wa ajabu zaidi: njia yake huzibwa na ioni ya magnesiamu, ambayo haibanduki mpaka seli inayopokea iwe imekwisha kuamshwa, kwa hiyo glutamati peke yake haitoshi kuvifungua. Masharti yote yakitimia, kalsiamu huingia na kuanzisha mabadiliko yanayoimarisha sinapsi, ambayo ni mojawapo ya misingi ya kujifunza na kukumbuka.

Tofauti na asetilikolini, kemikali nyingine ya kupitisha ishara, glutamati haina kimeng'enya cha kuivunja papo hapo mwanyani, hivyo sharti iondolewe. Wanaoiondoa hasa ni astrositi, seli zinazozizunguka sinapsi, ambazo huifyonza kwa protini za usafirishaji, kisha kimeng'enya cha glutamini sinthetasi huiunganisha na amonia, kwa kutumia ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ikawa glutamini. Glutamini hiyo hurudi kwenye seli za neva, ambako kimeng'enya cha glutaminasi huigeuza tena kuwa glutamati. Baadhi ya seli huendelea mbele na kuifanya GABA, kitulizaji kikuu cha ubongo. Yaani uchochezi na utulivu vyote viwili hutegemea mzunguko huu mmoja.

Katika kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba, seli hukosa oksijeni na glukosi, ATP hupungua, na pampu za sodiamu na potasiamu husimama. Protini za usafirishaji, ambazo nguvu zake hutokana na tofauti ya sodiamu kati ya ndani na nje ya seli, hushindwa kufyonza na hata kuanza kuitoa glutamati nje. Kalsiamu hufurika ndani ya seli za neva na kuamsha vimeng'enya vinavyozibomoa. Mtafiti wa Marekani John Olney ndiye aliyeueleza uharibifu wa namna hii, unaoletwa na msisimko uliopita kiasi, mwaka 1969. Matumaini kwamba kuziba vipokezi vya NMDA kungewaokoa wagonjwa wa kiharusi hayakutimia katika majaribio, na kwa maoni yangu hilo halishangazi sana, kwani vipokezi hivyo hivyo vina kazi ya lazima kila siku, na dawa mara nyingi hufika wakati uharibifu umekwisha kuanza.

Ini likishindwa kazi, mambo huanzia upande wa glutamini. Amonia hupanda katika damu na kuingia ubongoni, astrositi huitega kwa kutengeneza glutamini nyingi, na glutamini hiyo huvuta maji hadi seli zikavimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, na akiambiwa anyooshe mikono na kuvikunja viganja kwenda juu, viganja hudondoka na kuinuka bila mpango. Hali ikizidi, hupoteza fahamu.

Katika baadhi ya wagonjwa wa kifafa kinachoanzia kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) yenye makovu, glutamini sinthetasi imeonekana kupungua ndani ya astrositi. Dawa ya riluzole, inayotumika kwa ugonjwa wa kudhoofika kwa nyuroni za mwendo, hupunguza utoaji wa glutamati. Dawa nyingine, memantine, inayotolewa kwa wagonjwa wa Alzheimer, huingia katika njia ya kipokezi cha NMDA na kutoka upesi, jambo linaloiwezesha kuzuia msisimko wa kudumu huku ikiziachia ishara za kawaida nafasi ya kupita.